Wifi yangu na watoto wanne wanashuka Desemba, na mimi nina sare za kushona

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 8. Tunaishi Ngamiani, hapa Tanga. Mume wangu anafanya kazi za zamu bandarini, mimi ni fundi cherehani. Nyumba tunayokaa aliiacha marehemu baba mkwe, ni nyumba yetu ya kizamani, vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Viwili vya nyuma tumepangisha, kimoja ni stoo, kimoja chetu, kimoja cha watoto, na cha mbele kinachotazama barabara ndicho ofisi yangu.

Kila Desemba shule zikifungwa, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anashuka kutoka Arusha na watoto wake wanne. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 15, anafuata msichana wa 11, halafu wadogo wawili, wa 7 na wa 5. Wanakaa wiki tatu, mwaka jana zilifika nne. Siulizwi wala siambiwi. Mwaka jana nilipigiwa simu wameshafika Segera, nikaacha cherehani nikaenda sokoni na jasho langu kutafuta kitoweo cha watu tisa.

Shangazi, Desemba ndiyo shamba langu. Miezi mingine napindisha mapazia na kupunguza magauni. Desemba wazazi wanakuja na tetroni zao, shati mbili sketi mbili, na majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakitoka hapo ndipo silali, maana kila mtu anataka marinda yake kabla shule hazijafunguliwa. Pesa hiyo ndiyo inanivusha mpaka Machi. Sasa niambie, nashona vipi wakati chumba kimejaa watoto? Bobini zinaokotwa uani. Futikamba inakuwa kamba ya kuruka. Mwaka jana huyu mtoto wa pili kutoka mwisho alipanda kwenye meza ya kukatia, akachukua mkasi wangu mkubwa, akakata tetroni nyeupe ya mteja niliyokwisha kuichora chaki. Alikuwa anamshonea mwanasesere wake gauni. Nikailipa mimi. Wifi akacheka, akasema mtoto kaona ufundi kwangu.

Chakula ndio usiseme. Mchele kilo nne kwa siku, nazi, samaki, na Desemba mji umejaa watu wa Dar na wa bara, bei soko la samaki la Deep Sea si ya kawaida. Feni haizimwi, LUKU inakimbia kama maji. Wifi akija analeta kanga moja na mkungu wa ndizi, basi. Kulala, yeye na wale wadogo wawili nawapa chumba cha watoto, hawa wengine wanne nawatandikia magodoro ukumbini.

Na bado ananuna. Mwaka jana alininunia siku mbili kwa sababu ya kabati la mvule la marehemu mama yao. Nilikuwa nimelitoa kile chumba cha mbele nikaliweka upenuni uani, kwa kuwa meza yangu haikuenea. Kabati tu, Shangazi.

Nikimlalamikia mume wangu ananijibu neno moja, "Dada yangu ana kwao wapi pengine?" kisha anavaa viatu anakwenda kazini. Hata hao waliosema mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakusema siku ya 28. Sitaki ugomvi na mawifi, lakini mwaka huu sina nguvu. Nimwambie asije? Au nibebe cherehani yangu niende kwa mama Muheza mpaka waondoke?

Mama Cherehani, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Uchovu wako naujua, na hasira yako haina makosa. Lakini kabla ya mchele na tetroni kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja ukapita, na mimi siwezi kulipita. Ukumbini umelaza mvulana wa miaka 15, mwanao wa kike wa miaka 12, binti wa wifi wa miaka 11 na mwanao wa miaka 8. Wiki nne. Na ni ukumbi ambao wapangaji wako wanapita usiku kwenda uani.

Simtuhumu kijana yule wala mpangaji yeyote. Ila mabinti wa umri huo hawalali njiani, na hawalali godoro moja na kaka zao wala binamu zao. Dini yenyewe imetuamrisha watoto wakifika miaka 10 tuwatenge malazi. Binti yako yuko kwenye umri wa kubadilika mwili, anahitaji mlango wa kufunga akibadilisha nguo, na mtoto wa kike akiona haya hatakwambia, atanyamaza tu. Kwa hiyo mwaka huu stoo itolewe vitu. Kama ina vyuma vya baba mkwe na madebe matupu, hivyo ndivyo vikalale upenuni. Mabinti wawili walale na wifi na yule mdogo kabisa chumba cha watoto. Wavulana, na huyo wa miaka 7 kama ni wa kiume, waende stoo na chandarua chao. Ukumbini asilale mtu. Hili usilisubirie maelewano na wifi, lifanye wiki hii.

Tuje kwa wifi. Uliponiandikia jibu la mume wako, ulilisikia kama tusi, kwamba anakufunga mdomo. Lisome tena: "Dada yangu ana kwao wapi pengine?" Mwanangu, huyo baba kakupa jibu la swali lako lote, ila kalitoa vibaya na akiwa amesimama. Nyumba hiyo ni ya baba yao. Wifi yako alizaliwa humo au alikulia humo. Kile unachokiita ofisi, kilichokuwa na kabati la mama, ndicho kilichokuwa chumba cha mama yake. Wewe unahesabu siku za mgeni, unashangaa mbona hafuati adabu za mgeni, haagi, haulizi, hachangii. Yeye hahesabu chochote. Anapopanda basi Arusha anawaambia wanawe, twendeni kwetu. Ndiyo maana anapiga simu Segera. Wewe ukienda kwa mama yako Muheza unatuma barua ya maombi?

Na mimi ni wifi wa watu. Mama yetu alipofariki, nilikaa mwaka mzima sijakwenda nyumbani. Siku nilipokwenda, mke wa kaka yangu alinipokea vizuri kabisa, chai, maandazi, maji ya kuoga ya moto. Nikatoka uani kunawa, nikaukuta mtungi wa mama chini ya bomba, umejazwa mkaa. Ulikuwa mtungi wa maji ya kunywa, una kifuniko chake cha mbao na kata yake ya kifuu. Sikusema neno. Nilikula wali wa watu nikiwa nimevimba, wakasema yule wifi ana gubu. Mke wa kaka yangu hakuwa na ubaya wowote, alihitaji chombo cha kutilia mkaa, wala hakujua. Mpaka leo sijui kama ningekuwa na ulimi wa kumwambia.

Nakueleza haya si kwa kukwambia uvumilie. Nyote wawili mna haki, na haki zenu zinagongana katika chumba kimoja mwezi mmoja. Tena kuna jingine umelitaja kwa kupita. Vyumba viwili vya nyuma mmepangisha. Kodi ile inakwenda wapi? Kama baba mkwe aliacha watoto zaidi ya mmoja na mirathi haijagawanywa, wifi yako ana sehemu yake katika nyumba hiyo na katika kodi hiyo, aseme asiseme. Inawezekana kabisa moyoni mwake anaona zile wiki za Desemba ndiyo sehemu yake anayoila, na kwamba amewaachia miezi 11 bila kudai. Wewe ukimwona hatoi hata ya nazi, yeye huenda anajiona ameshatoa. Sikwambii ulianzishe wewe, si lako. Mwambie mume wako, kwa upole, siku ambayo hamjagombana, kwamba yeye na ndugu zake wakae na msimamizi wa mirathi, na kama hakuna waende Mahakama ya Mwanzo wakamteue. Mambo haya yakiachwa, siku moja wanafikishana huko huko wakiwa maadui. Ila yasizungumzwe Desemba watoto wakiwa wamejaa uani.

Sasa, nani azungumze na wifi? Si wewe. Wifi akiambiwa na mke wa kaka yake "usije," hata useme kwa asali, atakachosikia ni kwamba amefukuzwa kwao na mtu wa kuja. Azungumze kaka yake. Azungumze Novemba hii, kabla hajakata tiketi. Na wewe usimtume mume wako na malalamiko, maana ataogopa kuyafikisha na atayameza. Mkalishe siku ya mapumziko yake, umwekee mbele daftari lako la oda. Daftari, si maneno. Mwonyeshe Desemba ya mwaka jana kulikuwa na oda ngapi, ngapi ulizirudisha, ile tetroni uliyolipa ilikuwa shilingi ngapi, na Januari ada na madaftari ya wanenu yalitoka wapi. Wanaume wengi hawajui cherehani inaleta nini ndani kwa sababu pesa yake inaingia kidogo kidogo na inatoka sokoni kabla haijaonekana. Akishaona, ampigie dada yake aseme hivi:

"Dada, nyumbani kwenu mnakaribishwa kama siku zote. Mwaka huu njooni mapema, shule zikifungwa tu, mkae mpaka tarehe 20. Baada ya hapo mke wangu anaingia kwenye sare, nyumba haitakalika. Na ukija tuletee maharage na vitunguu vya huko, huku bei imepanda."

Tazama maneno hayo yamebeba nini. Kwanza tarehe. Wiki mbili za mwanzo wa Desemba kazi yako bado haijachemka, pilika zako kubwa ni kuanzia majina ya kidato cha kwanza mpaka shule kufunguliwa Januari. Akija mapema hamgongani, na mabasi yenyewe hayajajaa sana. Pili mchango. Usimwombe dada mtu pesa ya chakula katika nyumba ya baba yake, hilo litamkaa rohoni. Mwombe alete. Kiroba cha maharage, vitunguu, viazi mviringo, vitu ambavyo huko kwao ni rahisi na hapa vinakupunguzia nusu ya safari za sokoni. Atabeba kwa furaha, kwa sababu mtu anayekwenda kwao hupenda kufika na mzigo. Akifika, jikoni mwachie siku zake. Wewe pengine unampikia wiki nne kwa kuwa unamwona mgeni, na yeye anakaa kwa kuwa hajaona mwanya wa kushika mwiko. Mwambie, "Wifi, leo nina mashati sita, jiko nakuachia." Sema hivyo siku ya pili tu, wala usingoje ya tatu.

Ofisi yako ifungwe. Weka kitasa, ufunguo uvae shingoni, mkasi mkubwa uutundike msumari wa juu ambako hata huyo wa miaka 15 haufikii mpaka anyooshe mkono. Kazi za wateja zisilale mezani, zikunjwe kwenye mfuko wenye jina, zipandishwe juu. Halafu yule mtoto aliyekata tetroni. Mwanangu, hasara ile naijua, lakini mtoto aliyemshonea mwanasesere gauni hakuwa anaharibu. Mtengenezee kapu lake la vipande, mpe mkasi mdogo butu na sindano yenye ncha nene, akae barazani mlangoni kwako. Wale mabinti wawili wanaweza kutia vifungo na kukata nyuzi, wafundishe, na kila shati wakilimaliza uwape chochote mkononi. Kijana wa miaka 15 apige pasi. Watoto wa Arusha wakirudi kwao na ujuzi wa mkononi, mama yao hatasahau walikoupata.

Wengine watoke. Tanga ina pa kwenda. Mapango ya Amboni yako kama kilomita 8 tu kaskazini ya mji, njia ya Horohoro, ulizeni kiingilio kabla, mvalisheni kila mtoto viatu vya kufunga maana chini panateleza na ndani ni giza, na msiingie bila mwongozaji. Raskazone, ufuoni, ndiko watakokulilia kila siku. Hapo nakuomba uwe mkali. Watoto wa bara wanajua kuogelea mtoni au hawajui kabisa, na hawaelewi kupwa na kujaa. Maji yakipwa wanakwenda mbali kuokota kombe, na kati ya kupwa na kujaa ni kama saa sita tu, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yanakuja kwa nguvu zaidi. Kijana wa miaka 15 asikabidhiwe wadogo watatu baharini peke yake. Aende mtu mzima, wifi mwenyewe, ufuo huo si aliukulia? Nawe ukae na cherehani yako nyumba imetulia asubuhi nzima.

Jambo la afya usilidharau. Arusha mjini malaria si nyingi kama huku pwani, kwa hiyo watoto hawa miili yao haijaizoea. Chandarua kwa kila godoro, hata cha kuazima. Mwambie wifi kwamba homa inaweza kutokea wiki moja au mbili baada ya kurudi, na akimpeleka mtoto hospitali huko Arusha aseme wazi kwamba walikuwa Tanga, ili apimwe malaria haraka badala ya kudhaniwa mafua. Joto likipita nyuzi 30 wadogo watatoka harara, waogeshwe mara mbili, wavae pamba. Maji ya kunywa yachemshwe, watu tisa sufuria moja haitoshi, kwa hiyo chemsheni jioni yapoe usiku.

Ya kwenda Muheza na cherehani, sahau. Ukiondoka wewe wakati wifi anaingia, mji mzima utasema umemkimbia, na wateja wako watakwenda kwa fundi wa barabara ya pili. Wala usimwambie asije.

Limebaki la kabati. Mvua za vuli ndizo hizi, na wewe umeliweka mvule wa mama wa watu upenuni. Kalitoe leo. Litazame miguu kama maji hayajapanda, lifute kwa kitambaa kikavu kisha ulipake mafuta, bawaba kama imelegea mwite seremala. Halafu liingize chumba cha watoto, ukutani karibu na kitanda atakacholalia wifi. Ndani usiweke kitu chako hata kimoja, tandika kanga safi chini na uache tupu, apange nguo zake na za wanawe.

Wako,
Shangazi